Sauti Mbili na Chupa ya Wino

Tarehe 6 Desemba 1989, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilirusha sehemu ya mwisho ya Doctor Who, mchezo wa televisheni uliokuwa umedumu miaka 26. Ukiacha filamu moja ya mwaka 1996, runinga haikumrudia Daktari, mhusika mkuu wa mchezo huo, hadi 2005. Kwa hesabu za wafanyabiashara hadithi ilikuwa imekufa. Haikufa. Iliendelea katika katuni zilizotoka kila mwezi na, kuanzia mwaka 1999, katika michezo ya kusikiliza iliyorekodiwa na waigizaji wale wale wa zamani, sasa wakiwa na mvi. Nami nasema mapema ninachokiamini: baadhi ya kazi bora kabisa za hadithi hii zimetungwa kwa zana hizo mbili rahisi, sauti na wino, wakati ambapo hakuna aliyekuwa tayari kuitolea pesa ya kamera.

Ninaandika haya Kisangani, mji ambao umeme wa bwawa la Tshopo hukatika watu wakiwa ndiyo kwanza wameketi jioni, lakini redio ya betri inaendelea kusema. Ninawalenga wenye studio za redio, wachoraji na walimu wa lugha wa hapa kwetu. Kila tunapogusia hadithi za kesho, za sayari nyingine na mashine zenye akili, mazungumzo hukwama pale pale: hatuna kamera, hatuna mtaji wa filamu, hatuna kompyuta za kuchora anga. Nimezisikiliza kazi hizi kwa miaka mingi, usiku, simu ikiwa sikioni, kwa Kiingereza ambacho wengi wetu mjini hatukitumii, kisha nikawasimulia wenzangu kwa Kiswahili na Lingala siku iliyofuata. Kadiri ninavyosikiliza ndivyo kisingizio hicho cha kamera kinavyozidi kunikera.

Kwa asiyemjua, Daktari ni msafiri asiye binadamu. Anapita katika wakati na anga ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi, rangi ya bluu, ambacho ukiingia unakikuta kikubwa kuliko kinavyoonekana kwa nje. Akiwa karibu kufa, mwili wake hugeuka akawa mtu mwingine mwenye kumbukumbu zile zile. Hila hiyo ilibuniwa mwaka 1966, afya ya mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, ilipodhoofika, na ndiyo iliyoiwezesha hadithi kuishi kuliko walioianzisha.

Tangu siku ya kwanza, 23 Novemba 1963, ilikuwa kazi ya watu wenye bajeti finyu na masikio makali. Ule mlio wa chombo kinapoondoka, ambao mamilioni ya watu wanautambua, ulitengenezwa na fundi wa sauti Brian Hodgson kwa kukwaruza ufunguo wa nyumba kwenye waya za piano kuukuu. Akaurekodi, akaucheza mkanda kinyumenyume, akauongezea mwangwi. Muziki wa ufunguzi uliotungwa na Ron Grainer ulijengwa na mwanamke, Delia Derbyshire, kwa kukata vipande vya mkanda na kuviunganisha kimoja kimoja, noti baada ya noti. Fundi yeyote wa studio za mtaa wetu wa Makiso anayehariri matangazo ya misiba na ya maduka kwa kompyuta moja iliyochakaa ana zana nyingi kuliko alizokuwa nazo Derbyshire.

Jambo la pili ninalotaka watu wa redio walitafakari ni hatima ya picha zenyewe. BBC ilifuta mikanda mingi ya miaka ya 1960 ili itumike tena, kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali na hakuna aliyedhani kuna atakayetaka kuuona tena. Zaidi ya sehemu 90 za Doctor Who zikapotea kama picha. Lakini sauti ya kila moja ya sehemu hizo ipo, kwa sababu kulikuwa na vijana waliokuwa wakiweka kinasa sauti mbele ya televisheni ya nyumbani, wakiwaomba wazazi wanyamaze. Sehemu nyingine zimeokolewa na Afrika. Nakala za filamu ziliuzwa kwa vituo vya bara letu, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu kadhaa za hadithi mbili za miaka ya 1967 na 1968 zilikuwa zimepatikana Jos, Nigeria, katika kituo cha televisheni. Shirika kubwa la London lilikuwa limetupa. Rafu ya Jos ilikuwa imetunza.

Sasa niingie katika kazi zenyewe.

Kampuni ya Big Finish ilianza kutoa michezo ya Doctor Who ya kusikiliza Julai 1999. Miaka mitatu baadaye ikatoa Spare Parts, iliyoandikwa na Marc Platt, na ningekuwa na nafasi ya kumpa mtu mchezo mmoja tu, ningempa huo. Katika televisheni kulikuwa tayari na maadui waitwao Cybermen, watu wa chuma wasio na hisia, ambao kwa macho mara nyingi walionekana kuwa waigizaji waliovaa mabati. Platt anarudi kwenye chimbuko lao. Sayari yao, Mondas, imetoka katika njia yake na kulipoteza jua. Wakazi waliobaki wamejichimbia mjini chini ya ardhi. Miili inadhoofika, madaktari wanabadilisha moyo, kisha mapafu, kisha mkono. Hata farasi wa polisi wana viungo vya chuma, na unawasikia wakipita barabarani kabla hujaambiwa ni kitu gani. Hakuna katili anayecheka gizani. Kuna halmashauri iliyochoka, kuna wataalamu wanaofanya kazi usiku kucha, kuna serikali inayowaita watu kazini kwa barua.

Katikati ya yote hayo Platt ameweka familia moja maskini, akina Hartley. Baba, mtoto wa kiume anayetamani kuitwa, na binti, Yvonne, ambaye kifua chake ni kibovu. Anayeitwa ni Yvonne. Baadaye mlango wa nyumba unagongwa. Kilichosimama nje kimekwisha kugeuzwa nusu, sauti yake imebanwa ndani ya mashine, silabi zinatoka moja moja, na baba anachukua muda kabla ya kuelewa kwamba huyu ni mwanawe amerudi nyumbani. Hapo hakuna picha ya bati ya kukuondolea uchungu. Kuna sauti ya mzee anayejitahidi kuzungumza na binti yake kama kawaida, na sauti nyingine inayojitahidi kumjibu. Mzazi wa mkoa wetu wa Tshopo ambaye mwanawe aliondoka kwenda machimbo ya almasi, au alichukuliwa na watu wenye silaha, akarudi anaitika jina lake kwa sauti asiyoijua, hahitaji kufafanuliwa kitu. Nilipomsimulia mama mmoja wa mtaa wa Mangobo, mwenye kibanda cha mkaa, aliniuliza swali moja tu: walimwita kwa nini mgonjwa?

Mwaka huo huo wa 2002 ulitoka The Chimes of Midnight wa Robert Shearman. Nyumba ya kitajiri ya Kiingereza, mkesha wa Krismasi wa 1906, na watumishi wanaouawa mmoja mmoja kila saa inapogonga. Kisha saa zinarudi nyuma na mauaji yanaanza upya. Wa kwanza kufa ni Edith, msichana wa kuosha vyombo. Wenzake hawashtuki. Wanasema hakuwa mtu wa maana, naye mwenyewe amefundishwa kusema hivyo hivyo juu ya nafsi yake. Ni mchezo wa kutisha, na unatisha kweli, lakini kinachoutia uzito ni swali la nani anahesabiwa kuwa ameishi. Mababu zetu waliitwa boyi katika nyumba za Wazungu wa Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo. Walipika, walifua, walilala kwenye vibanda vya nyuma, na katika picha za familia za waajiri wao mara nyingi wamesimama pembeni bila jina. Mtu angeweza kuuhamishia mchezo huu kwenye nyumba mojawapo ya zamani za kando ya mto bila kugusa mifupa yake.

Halafu Scherzo, wa 2003, wa mwandishi yule yule. Daktari na mwenzake, Charley, wametupwa mahali ambapo mwanga ni mkali kiasi kwamba hawaoni chochote. Wanatembea, wanashikana mikono, wanagombana, na kitu fulani kilichozaliwa kwa sauti kinajifunza kutoka kwao. Waigizaji ni wawili, Paul McGann na India Fisher. Wawili! Hakuna jeshi, hakuna mlipuko, wala mabadiliko ya mandhari. Ni mchezo mgumu, na sitamlaumu atakayeuacha katikati. Ila kila anayeniambia kuwa hadithi za kisayansi zinahitaji utajiri, ningependa aupe saa yake moja.

Siyo zote ni za kiwango hicho. Big Finish imetoa mamia ya michezo, na nyingi zina ugonjwa mmoja: mtu anaeleza anachokiona kwa sababu mwandishi hakuiamini sauti. Mhusika anaingia pangoni na kutangaza kwamba hili ni pango, lenye giza, na kule mwisho pana mlango. Hakuna anayezungumza hivyo. Ugonjwa wa pili ni wa kila hadithi ndefu: michezo inajibizana yenyewe kwa yenyewe mpaka mgeni hajui aanzie wapi. Nimeacha mfululizo kadhaa njiani kwa sababu hiyo, na sijuti. Anayetaka kuanza, aanze na Spare Parts, apumzike wiki, ndipo aende kwa Shearman.

Katuni za Doctor Who ni za zamani zaidi. Zilianza kuchapishwa Novemba 1964 katika TV Comic, gazeti la watoto, na hizo za mwanzo hazinivutii sana. Mambo yalibadilika Oktoba 1979, lilipoanza gazeti lake lenyewe la kila wiki, na katuni ya kwanza ikapewa Pat Mills, John Wagner na mchoraji Dave Gibbons, yule ambaye baadaye angechora Watchmen. The Iron Legion inauliza: ingekuwaje kama dola la Roma lisingeanguka kamwe? Jibu la Gibbons ni kurasa za rangi nyeusi na nyeupe zilizojaa majeshi ya roboti yenye kofia za Kirumi yakishuka kutoka angani juu ya kijiji cha Kiingereza. Wino ule ule unaochora kikombe ndio unaochora jeshi la maelfu, na karatasi haikuongezeka bei. Sisi, wa mji ambao Stanley aliuwekea kituo mwaka 1883 na ambao Tippu Tip aliutawala kuanzia 1887 kwa niaba ya Leopold, tunajua kitu juu ya madola yanayoshuka kijijini. Ningetaka kuona mchoraji wa Kabondo au Lubunga akilijibu swali lile lile kwa upande wetu.

The Star Beast ya 1980, ya Mills na Gibbons, ni bora zaidi. Kiumbe mdogo mwenye manyoya na macho makubwa, Beep, anaanguka katika mji wa viwanda vya chuma. Wanaomwinda ni majitu yenye sura za wadudu. Watoto wawili wanamficha. Polepole inajulikana kwamba majitu yale ndiyo askari wa sheria, na kile chenye manyoya ni muuaji wa halaiki aliyetoroka. Hadithi hiyo ilifanywa mchezo wa kusikiliza mwaka 2019, na mwaka 2023 ikafika televisheni, miaka 43 baada ya kuchorwa.

Mmoja wa watoto wale ni Sharon, mwanafunzi Mweusi. Aliondoka na Daktari akawa msafiri mwenzake, wa kwanza Mweusi katika hadithi nzima, wakati televisheni ingesubiri zaidi ya miaka 25 kufanya jambo hilo. Katuni ilithubutu kwa sababu haikuhitaji kibali cha wakubwa wengi. Lakini pia ilimtupa haraka. Katika hadithi moja aliongezwa umri wa miaka minne kwa ajali ya wakati, katika nyingine akapata mchumba na kuachwa nyuma, na yote hayo katika muda wa mwaka mmoja hivi. Sharon alikuwa na ulimi mkali na akili ya haraka, na alistahili miaka mingi ya safari. Ninapowasikia watu wakimsifu kuwa wa kwanza, ninataka pia wataje jinsi alivyoondolewa.

Wasomaji vijana wataniuliza juu ya Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni ya shujaa Black Panther. Black Panther alitokea mara ya kwanza katika katuni ya Fantastic Four namba 52, Julai 1966, mwaka ule ule ambao Stanleyville ilipewa rasmi jina la Kisangani, na zipo katuni zake ninazozipenda, hasa zile za Don McGregor za miaka ya 1970. Lakini Wakanda ni nchi ambayo haijawahi kutawaliwa na wakoloni. Nguvu yake yote inatokana na kujificha, na madini yake yamebaki chini ya mikono yake. Kisangani haijawahi kujificha hata siku moja. Ipo pale ambapo meli za kutoka Kinshasa hukomea kwa sababu ya maporomoko, na kila mtu aliyeitaka Kongo amepita hapa: wafanyabiashara wa pembe, Wabelgiji, serikali pinzani ya Gizenga, waasi walioitwa Wasimba, mamluki, kisha majeshi ya Rwanda na Uganda yaliyopigana wao kwa wao mitaani mwetu kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 na kuangusha zaidi ya makombora 6,000 juu ya vichwa vya watu. Hadithi ya kesho ya mji kama huu haiwezi kuanza na ukuta usioonekana. Daktari, ambaye anafika bila mwaliko, asiye na silaha, akakuta mambo yamekwisha kuharibika, ananifaa zaidi.

Na vipaji? Barly Baruti, mmoja wa wachoraji wakubwa wa katuni ambao Afrika imewatoa, amezaliwa Kisangani mwaka 1959. Madame Livingstone, aliyoichora kwa maandishi ya Christophe Cassiau-Haurie na kuchapishwa Ufaransa mwaka 2014, inatupeleka Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na maji yake, mvua yake na nyuso za wapagazi zimechorwa na mtu anayeyajua. Kitabu hicho ni cha jalada gumu, cha rangi, cha bei ya Ulaya. Wangapi wa mtaa alikozaliwa wamekishika? Simlaumu msanii kwa kwenda kunakolipa. Ninachosema ni kwamba kuna njia nyingine, nayo imekwisha kupita Kongo hii hii. Kinshasa ya miaka ya 1990, uchumi ukiwa umeanguka kabisa, Papa Mfumu'Eto alichora kwa Lingala, akachapisha mwenyewe kwa karatasi duni ya rangi nyeusi na nyeupe, na kuuza mitaani visa vya mitaa ile ile: mtu anayegeuka chatu na kumeza mwanamke, mizimu, matajiri wenye siri. Kijitabu kimoja kilipita mikono mingi. Kabla yake, tangu 1968, lilikuwapo gazeti la Jeunes pour Jeunes, lililowafundisha vijana wa mijini kucheka kwa lugha yao wenyewe. Hakuna aliyewaambia wasubiri rangi.

Upande wa sauti tuna utajiri zaidi bado. Huu ni mji wa redio. Mwaka 1964 ulitawaliwa kwa redio, Wasimba wakitoa amri na vitisho kupitia Radio Stanleyville. Tangu 2002 tunaisikia Radio Okapi kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo, Tshiluba na Kifaransa. Watu wetu wanajua kusikiliza. Wanatambua mtangazaji kwa kikohozi chake.

Tatizo ni kwamba mchezo wa redio tumeukabidhi kazi moja tu: kufundisha. Kipindupindu kikija, unatungwa mchezo. Uchaguzi ukikaribia, mchezo. Chanjo, mapatano, haki ya mwanamke kurithi, mchezo. Mfadhili analeta ujumbe, mwandishi anautafutia mama mmoja mwema na jirani mmoja mkaidi, na sehemu ya mwisho mkaidi anatubu. Ninaheshimu kazi hizo. Zimeokoa watu, na waigizaji wengi wa Mashariki mwa Kongo wamelishwa nazo. Lakini zimetuzoesha kuamini kwamba mtu akiongea kwenye mchezo wa redio basi anataka kutubadilisha, na msikilizaji akishajua hivyo huweka mkono kifuani na kujilinda.

Kuna ushahidi wa kutufanya tufikiri. Radio La Benevolencija ilirusha huko Kivu mchezo wa mfululizo ulioitwa Kumbuka Kesho, kuhusu migogoro kati ya jamii. Mtafiti wa saikolojia, Elizabeth Levy Paluck, alilinganisha sehemu mbili za wasikilizaji: wale waliosikia mchezo peke yake, na wale ambao baada ya mchezo waliwekewa kipindi cha kuwahimiza wajadiliane. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2010 yalishangaza. Waliohimizwa walijadiliana zaidi kweli, lakini pia walizidi kulalamika, na moyo wao wa kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda ulipungua. Watafiti watayafasiri kwa njia zao. Mimi nayasoma kama mtu wa hadithi: mchezo ulioachwa ukae wenyewe kichwani mwa msikilizaji ulikuwa salama kuliko mchezo uliofungiwa mkia wa mafunzo. Spare Parts haumwambii mtu afikiri nini juu ya dawa, serikali au kifo. Baba anafungua mlango, basi. Na bado sijakutana na mtu aliyeusikia akaulizwa maana yake na kukosa la kusema.

Kwa hiyo ninachoomba ni mchezo mrefu wa redio wa Kisangani, wa kubuni, wa kisayansi, usio na ujumbe wa mfadhili, nusu saa kila Jumamosi jioni, na katuni yake ya kurasa nane ya kuuzwa kwa bei ya andazi. Uwe wa Kiswahili na Lingala pamoja, kama tunavyozungumza, mtu akianza sentensi Makiso na kuimalizia Mangobo. Usiwe na mtu anayeeleza pango. Sauti za mji zipo bure: kengele za toleka, baiskeli zetu za abiria, maji ya maporomoko ya Wagenia yakipiga nguzo za mitego ya samaki, jenereta zikiwashwa moja baada ya nyingine umeme unapokwenda. Atakayerekodi sauti ya maporomoko saa kumi alfajiri na kuicheza kinyumenyume atakuwa na chombo chake cha kusafiria.

Kuna wenye wasiwasi kwamba kuchezea wakati katika mji wenye majeraha ni kukosa adabu, na wasiwasi huo ni wa haki. Vita vya Siku Sita, vile vya Juni 2000, vina wahanga walio hai. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa hapa, aliwafuata kwa kamera katika filamu yake ya 2020 walipokuwa wakiteremka mto, baadhi yao kwa magongo, kwenda Kinshasa kudai fidia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda mwezi Februari 2022 iilipe Kongo dola milioni 325, na madai ya nani amepata nini bado ni mjadala wa kila siku mjini. Mwandishi atakayemshusha msafiri wake tarehe 5 Juni 2000 ili tu kupata milipuko, simtaki. Lakini hadithi za wakati zinaruhusu swali ambalo mahakama haiulizi: ungepewa dakika kumi kabla ya kombora la kwanza, na huwezi kulizuia, ungekwenda kumgongea nani mlango? Swali hilo linafaa kutungiwa na watu waliokuwepo, au watoto wao, kabla ya kutungiwa na mtu wa mbali.

Wala hatuanzi mikono mitupu katika lugha. Katama Mkangi wa Kenya alichapisha Walenisi mwaka 1995: Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anafungiwa ndani ya chombo cha kumwangamiza, na badala ya kufa anajikuta kwenye sayari nyingine ambako watu wanaishi kwa haki. Ni riwaya ambayo inadai kusikika. Ukumbi wa mahakama, mlango wa chuma unaofungwa, mtu mmoja gizani akijisemea, kisha sauti za wageni. Wenye haki za kitabu wakikubali, studio ya Kisangani ingeweza kuifanya iwe mazoezi ya mwaka wa kwanza, huku vijana wa hapa wakiandika ya kwao.

Ya kwao ningependa ianzie kivukoni Lubunga, jua likizama, mtumbwi umejaa magunia ya mkaa na baiskeli. Abiria wawili wanagombania nauli, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Lingala, na mama mwenye kuku anaingilia kati. Wagombane kwa dakika tatu nzima, mpaka mpiga kasia awakatize kwa kelele kwamba maji yamegeuka, yanapanda kuelekea Ubundu.